Mifuko ya familia za matajiri: nani huamua asasi ipi ipewe hela, na kwa nini andiko lako halisomwi

Karani wa Zamani

Wakuu, wiki iliyopita kuna mdau humu alilia kwamba ametuma maandiko ya mradi 63 kwa mifuko ya familia za Marekani na hajapata hata jibu la "tumepokea". Wengi wakamwambia Kiingereza chake kibovu. Mwingine akamshauri atafute mtaalamu wa kumwandikia kwa laki tano. Nilitaka kunyamaza, nimeshindwa.

Miaka saba nilikuwa karani katika mfuko wa familia moja huko katikati ya Marekani. Jina la mfuko naliacha. Kazi yangu ilikuwa kufungua barua, kupokea simu, kuandaa mafaili ya kikao na kumkusanyia mhasibu karatasi za kodi. Ofisi nzima tulikuwa watatu, mmoja wetu akija nusu siku, na tulikaa ghorofa ya kwanza juu ya duka la miwani. Kwa hiyo kama kichwani una jengo la vioo lenye idara ya Afrika na mtu amekaa anasubiri andiko lako, futa hiyo picha.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Siongelei ubalozi wala Umoja wa Ulaya. Hao wana tangazo, tarehe ya mwisho na jedwali la alama. Mfuko wa familia ni hela ya mtu, mara nyingi marehemu, iliyotengwa na kuwekezwa kwenye hisa na hati fungani. Sheria ya Marekani inaulazimisha mfuko kutoa kila mwaka kiasi kinachokaribia asilimia 5 ya thamani ya uwekezaji wake. Sharti la kutoa lilizaliwa na sheria ya kodi ya 1969, baada ya Bunge lao kuona baadhi ya matajiri wamegeuza mifuko kuwa kabati la kufungia mali. Sheria inakwambia utoe kiasi gani na inakuwekea mipaka ya mambo usiyoruhusiwa. Umpe nani, hiyo ni juu yenu na watoto wenu.

Sasa piga hesabu. Mfuko una dola milioni 20, hela ambayo kwetu ni ya kutikisa mkoa. Asilimia 5 ni milioni 1. Ndani ya hiyo milioni wanaruhusiwa kuhesabu mishahara na gharama halali za kuendesha kazi ya kutoa, tuseme imebaki laki nane. Chuo alichosoma babu kimeahidiwa kwa miaka mitano mfululizo. Hospitali ya mji wao ina wodi inayojengwa. Kanisa lipo, maktaba ipo, na ghala la chakula cha maskini huwezi kulikata katikati ya baridi. Halafu kila mdhamini, yaani mjumbe wa bodi ya mfuko, ana fungu lake dogo la kuelekeza anakotaka bila kura, ndivyo wanavyozuia ndugu wasigombane. Ukifika kwenye hela iliyo huru kweli kweli, labda imebaki dola laki moja. Hiyo ndiyo andiko lako linaigombania, pamoja na barua nyingine mia kadhaa zilizoko kwenye trei yangu.

Kikao chenyewe nakuelezeeni, maana nimekaa pembeni mwake mara kumi na nne. Mara mbili kwa mwaka, nyumbani kwa binti mkubwa, kwenye meza ya kulia chakula. Wadhamini sita: watoto watatu wa mwanzilishi, wajukuu wawili, na wakili mzee aliyekuwa rafiki wa baba yao. Mbwa yuko chini ya meza. Kila mmoja ana faili la pete tatu nililolibana mimi usiku uliopita, na kila asasi ina ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja, siyo kurasa zako 38 na kiambatanisho cha "bao la mantiki" (logframe, lile jedwali la malengo na viashiria). Siku moja tulifika kwenye ukurasa wa visima vya maji. Kaka mtu, mhandisi, akauliza: pampu ikiharibika nani anaitengeneza, na kipuri anakinunua wapi? Mkurugenzi wetu akatazama ukurasa. Haukusema. Ukurasa ukafunuliwa. Dakika nne, visima vimekwisha.

Na ukurasa unaingiaje kwenye lile faili? Hapa ndipo watu hawataki kusikia. Mkwe wao aliwahi kujitolea uuguzi Kenya akiwa msichana, anaifahamu zahanati moja. Mkurugenzi wa mfuko jirani kampigia mkurugenzi wetu: "Hawa tumewapa miaka mitatu, wako vizuri, sisi tunatoka." Asasi tunayoifadhili inasema kuna wenzao wilaya ya pili. Profesa fulani. Jirani. Barua zilizokuja zenyewe nilizijibu mimi, mistari mitatu, ile ile, hadi nikawa naiota.

Nitaendelea, ngoja nipate chai.

Chumvi ya Uvinza

Nipo siti ya mbele na karanga zangu. Tiririka mkuu.

Jembe Halimtupi

Karani umeeleza vizuri lakini unapaka rangi. Huu ni mchezo wa kodi tu. Tajiri anatoa hela mfukoni anaingiza mfuko wake mwingine, serikali inampunguzia kodi, yeye na wanawe wanabaki na usukani. Anatoa 5, hisa zinapanda 8, mfuko unanenepa. Halafu sisi tunamchinjia mbuzi.

Karani wa Zamani

Jembe, hesabu yako sina ubishi nayo, miaka ya soko zuri mfuko wetu ulinenepa huku tukitoa. Ila tofautisha usukani na mfuko wa suruali. Mdhamini haruhusiwi kukopa ile hela, wala kuuziana mali na mfuko, hata kwa bei nzuri. Kuna mwaka asasi moja ya pale pale mjini ilitutumia tiketi kumi za chakula cha jioni cha hisani, meza ya mbele, kama asante. Nilizirudisha mimi mwenyewe kwa posta, kwa sababu familia ikila lile pilau ni faida binafsi na kuna kodi ya adhabu. Bibi mmoja mdhamini alinuna, alishanunua gauni.

Usukani ndiyo wanao, na ndiyo maana nasema ukitaka kujua wanachaguaje usisome dira na dhamira kwenye tovuti yao. Soma familia. Na usukani unaweza kuponyoka pia. Ford Foundation ilianzishwa 1936 na Edsel Ford na baba yake. Kufikia 1976 mjukuu, Henry Ford II, alijiuzulu kwenye bodi akilalamika kuwa taasisi imesahau mfumo wa biashara uliozalisha zile hela. Leo ile si ya familia tena kwa maana tunayoongelea hapa, ina maofisa wataalamu wa mambo yao. Mifuko midogo iliona somo hilo, ndiyo maana imekazana na binamu na mkwe.

Na hili si jipya. John D. Rockefeller, tajiri wa mafuta, alizidiwa na waombaji, wakimfuata hadi kanisani, mpaka 1891 akamwajiri mchungaji wa Kibaptisti, Frederick Gates (hana undugu na Bill), amchujie. Huyo mchungaji ndiye aliyemtoa kwenye kutoa rejareja akamfundisha kutoa kwa jumla: usimpe kila kanisa linalobisha hodi, wape wachache wanaojulikana, nao wagawe. Kila karani wa mfuko duniani ni mjukuu wa yule mchungaji. Kazi yetu ni kusema hapana kwa adabu.

Bint Kibokoni

Assalaam aleikum nyote. Mimi wa Mombasa, na nikikusoma Karani naona ni wakfu huu huu wetu umevaa suti. Mwenye mali anaandika: nyumba hii kodi yake iende kwa msikiti, au kwa kizazi changu kisha mafakiri, na mtawalli asimamie. Masheikh wana kanuni yao: sharti la mwenye kuweka wakfu ni kama matini ya sharia. Huwezi kulipindua kwa sababu wewe una mradi mzuri zaidi. Je, huko kwao marehemu pia anasikilizwa hivyo?

Karani wa Zamani

Waaleikum salaam dada. Umegonga msumari. Mfano mzuri ni Conrad Hilton wa mahoteli. Alianzisha mfuko wake 1944, na alipofariki 1979 aliuachia sehemu kubwa ya mali. Ndani ya wosia aliwataja masista wa Kikatoliki kwa namna ya pekee. Mpaka leo, mfuko una mabilioni na maofisa wasomi wa kila aina, lakini masista wana fungu lao. Linafika hadi huku: wapo masista Tanzania, Kenya na Uganda wanaosomeshwa na kufundishwa uhasibu na uongozi kupitia ushirikiano wa elimu ya masista wa Afrika, ASEC, ambao Hilton ni mfadhili wake. Sasa wewe mwenye mradi wa mwani Pemba unaweza kuandika andiko la dhahabu, hautakuwa sista.

Tofauti ni kwamba kwetu mtawalli akipindua sharti kuna kadhi, na Zanzibar kuna kamisheni nzima ya wakfu. Kwao marehemu wengi waliandika maneno mapana tu, "elimu na afya". Hapo wajukuu ndio wanaotafsiri, na tafsiri inafuata maisha yao. Mjukuu akipata mtoto mwenye usonji, miaka miwili baadaye mfuko una fungu la usonji. Nimeliona hilo kwa macho yangu na silichukulii kama dhambi. Ni hela ya watu wenye maumivu yao.

Sengerema Kwetu

Wakuu ni mimi yule wa maandiko 63. Nimesoma kimya toka jana. Karani unaniambia nimechoma bando bure? Mimi sina mkwe muuguzi. Sina profesa. Nina kikundi cha akina mama 140 wanaofuga kuku na tuna chanjo ya kideri tunayosambaza kijiji kwa kijiji, kazi inaonekana. Nifanyeje, nikaoe Marekani?

Karani wa Zamani

Usioe kwanza. Orodha ya hiyo mifuko 63 uliitoa wapi?

Sengerema Kwetu

Kuna jamaa anauza PDF ya "wafadhili 500 wa Afrika", elfu thelathini.

Karani wa Zamani

Nilijua. Tulikuwa kwenye ile orodha. Kuna wiki tulipata barua kumi na moja kutoka Afrika Mashariki, zote zinaanza "Ndugu Mfadhili", na mbili kati yake zilikuwa na jina la mfuko mwingine katikati ya aya ya tatu. Wakati huo sisi tulikuwa hatujawahi kutoa hata senti nje ya jimbo letu ukiacha ile zahanati ya mkwe.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye nyama. Kila mfuko binafsi wa Marekani unajaza kila mwaka fomu ya kodi inayoitwa 990-PF, na fomu hiyo ni ya wazi kwa mtu yeyote, hata wewe ukiwa Sengerema na simu ya tochi iliyopanda cheo. Ipo bure kwenye Nonprofit Explorer ya ProPublica, na ipo kwenye Candid, ile taasisi iliyotokana na Foundation Center kuungana na GuideStar mwaka 2019. Andika jina la mfuko, fungua. Nimezijaza hizo fomu miaka saba. Zinasema ukweli kuliko tovuti, kwa sababu ukidanganya tovuti hakuna anayekufuata, ukidanganya fomu IRS, mamlaka yao ya kodi, wanakuja.

Usianzie mwanzo. Nenda kuelekea mwishoni, kwenye maelezo ya ziada. Pale kuna kisanduku kidogo. Kikiwa na alama maana yake: mfuko huu unawapa waliokwisha kuchaguliwa tu, haupokei maombi ya watu wasioitwa. Sisi tulikuwa tunakitia alama kila mwaka. Kile kisanduku kingekuokolea bando lako lote.

Chini yake ndiyo orodha ya waliopewa: jina, mahali, kwa kazi gani, kiasi gani. Kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni zilizolipwa mwaka huo. Ya pili wengi wanairuka, nayo ndiyo tamu: zilizoidhinishwa kulipwa miaka ijayo. Hiyo inakuonyesha hela iliyokwisha kufungwa. Mfuko ukiwa unatoa milioni moja na ahadi za mbele ni laki tisa, kaa na kuku wako.

Chukua miaka mitatu uilaze pamoja. Majina yale yale yakijirudia na kiasi kile kile, hiyo ni familia yenye mazoea, hawatafuti mchumba. Ukiona kila mwaka kuna majina mapya manne matano, hasa ya dola elfu tano au elfu kumi, hao wanaonja. Angalia pia majina ya wadhamini: ukoo mmoja wote, au kuna mkurugenzi analipwa mshahara? Mwenye mshahara ndiye mtu wa kuongea naye, maana ana muda na ana kazi ya kuonyesha kwamba anatafuta. Ila kumbuka fomu inachelewa. Mwaka ukiisha Desemba wanayo hadi Mei 15, na wakiomba nyongeza ni hadi Novemba, kwa hiyo unachosoma leo ni maamuzi ya mwaka juzi.

Chumvi ya Uvinza

Karanga zimeisha. Nimefungua fomu ya kwanza, kurasa 60, nyingi ni hisa walizouza. Jamani hawa watu wana hisa hadi za kiwanda cha soda.

Mwana Buyenzi

Habari zenu ndugu. Mimi niko Bujumbura. Naongezea kwa upande wa tunaopokea. Si familia zote zimekaa mbali. Segal Family Foundation, kwa mfano, mwanzilishi ni Barry Segal, mfanyabiashara wa vifaa vya kuezekea wa New Jersey, lakini watumishi wake wengi ni Waafrika wanaokaa huku huku, na hapa Buja wana ofisi. Huo ni mtindo mwingine kabisa: anayekuchunguza anaongea Kirundi, anajua bei ya maharage, huwezi kumdanganya kwamba semina ya siku mbili ni dola elfu nane.

Sisi wa zahanati, mfuko wa kwanza kutufadhili (mwingine, mdogo) ulitufikia hivi: kuna asasi ya wakulima tuliwaazima gari mwaka wa shida ya mafuta. Mfadhili wao alipokuja kuwaona aliuliza, hapa mtaani ni nani mwingine anafanya kazi kweli? Wakatutaja. Yule mama akaja kwa miguu, bila miadi, akakaa kwenye benchi na wagonjwa saa nzima kabla hatujajua ni nani.

Jembe Halimtupi

Kwa hiyo ni kujuana. Kama ajira za huku tu. Sema tu kwa Kiswahili.

Karani wa Zamani

Ni kujuana, Jembe, sijaficha. Asilimia kubwa ni kujuana. Lakini uliza kwa nini hata familia yenye nia safi inarudi huko. Mtu akiwa Ohio hawezi kujua kama kikundi cha kuku kipo au ni picha za Google. Sheria nayo inamkaba: kumpa hela asasi ya kigeni si kama kumpa ya kwao. Lazima achague njia. Moja, wanasheria wapitie katiba yako, hesabu zako na vyanzo vyako vya mapato wathibitishe kuwa unalingana na asasi ya hisani inayotambulika Marekani. Hiyo ni kazi na ni gharama. Mbili, mfuko wenyewe ubebe dhamana: ukuchunguze kabla, musaini mkataba, hela ikae kwenye akaunti yake peke yake, utume ripoti kila mwaka, na wao waripoti IRS. Ukipotea na hela, wao wanaulizwa. Mfuko wa watu watatu juu ya duka la miwani unaona yote hayo unasema, hapana, tutapitia kwa mtu wa kati.

Huyo wa kati ni asasi iliyosajiliwa Marekani, kama GlobalGiving au CAF America. Yeye anachunguza, yeye anapokea, anakata kiasi chake, anakutumia. Kwa hiyo wakati mwingine swali si andiko lako lina nini. Swali ni: hela ikitoka kwao ina barabara ya kukufikia? Siku binti mkubwa aliponiuliza kuhusu kikundi kimoja cha Tanga, alichouliza cha kwanza kilikuwa hicho. Nikamwambia wapo GlobalGiving. Akasema, basi sawa, tuwaangalie. Alikuwa hajasoma hata sentensi moja ya mradi.

Upande wako nao: cheti cha Msajili kiwe hai, ada imelipwa, ripoti ya mwaka imeingia. Kumbuka pia kanuni za NGO za Tanzania za 2018: ruzuku ikizidi shilingi milioni 20, mkataba unapelekwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Wafadhili wa siku hizi wanaijua hiyo, wanauliza. Na bodi. Kichekesho kikubwa cha kazi yangu ndicho hiki: familia nzima imekaa mezani, baba, binti, mjukuu, wanasoma ukurasa wa asasi, wanakuta mwenyekiti ni mume, katibu ni mke, mhazini ni shemeji. Wanatikisa kichwa. "Hii ni ya familia."

Chumvi ya Uvinza

😂😂😂 hapo umeniua

Takwimu Hazidanganyi

Naomba niweke upande mwingine maana uzi umeegemea kujuana tu. Kuna familia zimekimbia meza ya chakula kabisa. Cari Tuna na mumewe Dustin Moskovitz, mmoja wa waanzilishi wa Facebook, walianzisha Good Ventures 2011, na hela nyingi wamezipeleka walikoelekezwa na watafiti kama GiveWell. Hao hawaulizi mkwe alijitolea wapi. Wanauliza: dola ngapi zinaokoa maisha ya mtoto mmoja? Jibu linatoka vyandarua, dawa za kinga ya malaria msimu wa mvua, vitamini A. Kama huna utafiti mkubwa nyuma yako huonekani, hata uwe malaika.

Na MacKenzie Scott, aliyekuwa mke wa Jeff Bezos wa Amazon. Kwa miaka kadhaa watu wake walichunguza asasi kimya kimya, siku moja unapigiwa simu umepewa mamilioni, na hakuna masharti. Wapo waliodhani ni matapeli. 2023 akafungua mlango, asasi zenye bajeti ya dola milioni 1 hadi 5, za Marekani tu. Zikaomba 6,353. Waombaji wenyewe walisomeana maombi na kupeana alama, kisha jopo la nje. Machi 2024 zikatangazwa 361, jumla dola milioni 640.

Karani wa Zamani

Takwimu asante, nilikuwa nimewasahau hao. Ila gawanya hiyo: 361 kwa 6,353 ni chini ya 6 katika kila 100, na hapo mlango ulikuwa wazi na mwenye nyumba aliongeza hela kuliko alivyopanga. Kuhusu dola ngapi kwa maisha ya mtoto, naheshimu. Lakini mdhamini wetu mhandisi alijaribu kuleta jedwali la namna hiyo mwaka mmoja. Dada yake akamuuliza ghala la chakula linapata alama ngapi. Likawa la mwisho. Jedwali halikurudi tena.

Nimalizie ziara, kwa sababu ndiyo kikao cha pili. Nilimsindikiza mjukuu mmoja kuja kuona kikundi huku kwetu. Mapokezi: ngoma, fulana mpya zenye nembo ya mfuko, watoto wametolewa darasani saa nne asubuhi wamesimama juani na bendera. Kijana wa watu alikuwa anatabasamu, lakini kwenye gari akaniuliza mambo mawili tu. Fulana zimetoka fungu gani? Na wale watoto wamekosa kipindi gani? Kilichowaokoa ni mama mtunza stoo. Wakati wenzake wanapanga viti, alimwonyesha daftari lake la kaunta, lenye madoa ya mafuta ya taa: mifuko iliyoingia, iliyotoka, na mistari kadhaa ya wino mwekundu. Kijana akauliza nyekundu ni nini. Nikatafsiri. "Iliyoibwa," akasema mama, na jina la aliyekuwa na ufunguo siku hiyo. Yule kijana aliipiga picha ile karatasi, na kwenye faili la kikao kilichofuata ukurasa wa kikundi kile ulikuwa na picha hiyo. Hakutaka picha ya ngoma. Wakapewa. Si nyingi, dola elfu kumi na mbili, lakini waliendelea kupewa miaka minne.

Bint Kibokoni

Na aliyekuwa na ufunguo alifanywaje?

Karani wa Zamani

Ufunguo alinyang'anywa. Alikuwa mjomba wa mwenyekiti.

Sengerema Kwetu

Wakuu nimerudi. Nimechukua likizo ya kuandika nimekaa na zile fomu siku tatu. Kati ya mifuko 63, 41 ina alama kwenye kisanduku. Tisa sijaiona fomu yake kabisa. Katika iliyobaki, 12 haijatoa hela Afrika hata mara moja kwa miaka mitatu. Ule mmoja uliobaki unatoa, na kwenye orodha ya majuzi kuna asasi ya Geita, dola elfu kumi, kwa kazi ya "ufugaji mdogo wa wanawake". Geita hapa, ni pua na mdomo! Na mfuko una mkurugenzi wa mshahara. Niandike leo?

Karani wa Zamani

Usiandike. Hao wa Geita unawafahamu?

Sengerema Kwetu

Namfahamu mratibu wao vizuri. Ndiye aliyeniazima projekta ya semina.

Karani wa Zamani

Ya mwaka huu?

Sengerema Kwetu

Mkuu… tangu Machi mwaka jana. Bado ninayo. Na waya wake umekatwa na panya.

Mwana Buyenzi

Nunua waya kwanza, ndugu.